Ajasti Kidogo

Hubballi, 14 Novemba 1988

Mdogo wangu Leela,

Ukitaka habari za huku, anza na goti la Mama. Limekataa dawa ya daktari, linataka mafuta ya mnajimu, na mnajimu kaenda harusini Belagavi. Mengine yote ni mazuri. Mtama umestawi, na jirani kanunua televisheni, kwa hiyo Jumapili asubuhi mtaa mzima unahamia sebuleni kwake. Wifi yako Nagaratna hajambo.

Barua yako niliisomea kazini, ndani ya treni ya Londa, nimesimama maana pa kukaa sikupaona. Unasema shemeji yako mdogo amekuja Bengaluru kusomea uinjinia na amepewa chumba chenu, yeye na meza yake ya kuchorea. Mumeo sasa analala sebuleni na baba yake, na wewe jikoni na mama mkwe. Unaniuliza kama hiyo ni ndoa.

Leela, mimi ni mkaguzi wa tiketi. Benchi la watu watatu nikilifikia lina wanne. Namleta wa tano, natamka "ajasti kidogo," basi. Hakuna anayeuliza kwa nini wala hadi wapi. Mmoja anainua paja, mwingine anakunja kiwiko, na mtu amekaa. Waingereza walituachia reli na neno hilo, na bila neno, reli isingetosha. Wapo abiria ambao Kiingereza hawana hata cha kuombea maji, lakini ajasti wanaijua, tena kuwazidi waliotuletea.

Na wewe ajasti kidogo. Shantaveera ni mume mwema, hanywi, hapigi kelele. Na mama mkwe akisema tena mchuzi wa dengu umezidi chumvi, tumbukiza nusu kiazi kibichi, kichemke taratibu, kisha ukitoe. Kiazi kinanyonya.

Kaka yako,
Virupaksha


Bengaluru, 8 Desemba 1988

Kaka Viru,

Nakuamkia wewe na Mama, na goti lake pia, ambalo angalau linajua linachotaka na linasema. Sisi huku tuko salama. Mama mkwe ana mafua. Shemeji mdogo amechora daraja, tukaitwa wote kulitazama.

Tangu uniandikie nimekuwa nikilitegea sikio neno lako. Muuza maziwa akileta maziwa mepesi, anasema ng'ombe wamepungua, kwa hiyo ameajasti. Fundi cherehani kanishonea blauzi isiyopita mkononi, anasema nikiivaavaa itaajasti yenyewe. Mwenye nyumba anafungua maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine tuajasti. Na unakumbuka nyota zangu na za Shantaveera zilipogombana? Mnajimu aliomba kahawa, akafuta saa yangu ya kuzaliwa, akaandika nyingine. Mama akauliza kafanyaje, akajibiwa, "Nimeajasti." Kwa hiyo mimi nilizaliwa asubuhi, na aliyeolewa ni mwanamke mwingine aliyezaliwa jioni.

Sasa jambo lenyewe. Ule mtihani wa ualimu nilioufanya kabla ya harusi, jina langu limetoka. Mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya wasichana, Gadag. Niripoti tarehe mosi Juni. Nisiporipoti, nafasi anapewa anayefuata. Mama mkwe ameuliza ni nani atapika. Shantaveera amesema "tutaona," na anapolisema hilo huwa anatazama dari.

Kaka, kazi hii naitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Gadag ni saa moja na kidogo kwa treni kutoka kwetu, na treni hizo unazijua wewe. Naomba nirudi chumba changu cha zamani, asubuhi niende kazini, jioni nirudi. Sitaki uniombee kwa mtu. Niandikie neno moja tu: njoo.

Mbona wifi hakuandika chochote pembeni mwa barua safari hii? Mwambie bangili alizoagiza ninazo.

Leela


Hubballi, 22 Januari 1989

Mdogo wangu Leela,

Samahani kwa kuchelewa, zamu zimekuwa nyingi. Mama anakusalimu na amekufungia ufuta na sukari guru za sikukuu. Kama sukari imelowa, ujue ni posta, siyo sisi. Mnajimu karudi, goti limetulia. Wifi yako hajambo.

Hongera kwa mtihani. Nilimwambia mkuu wa stesheni, naye akashangaa sana, na si mtu wa kushangaa.

Kuhusu Gadag, nimefikiri. Maji ya kule yana chumvi. Vumbi lake unalijua. Na chumba chako, kwa sasa kina magunia ya vitunguu ya mjomba, hakipitiki. Kwa nini usiwaombe wakubwa wa elimu wakupangie Bengaluru hapo hapo? Mtu wangu anamjua mtu. Huenda nafasi yenyewe ikaajasti.

Juzi nilipata msafara wa harusi. Bibi harusi mwenyewe kakosa kiti, kakaa juu ya sanduku lake mlangoni mwa choo. Nikamwambia mjomba wake, "Mzee, hata leo?" Akaniambia, "Leo ndiyo aanze." Behewa zima lilicheka, na bibi harusi naye. Mtu akishaanza kwa kucheka, mbele hakuna tabu.

Kaka yako,
Virupaksha


Bengaluru, 20 Februari 1989

Kaka Viru,

Nakuamkia. Ufuta umefika, sukari haikulowa, posta haina kosa. Mafua ya mama mkwe yamemhamia Shantaveera. Sijui bibi harusi wako alikuwa anacheka nini. Ungemtazama vizuri ungeniambia.

Hukunijibu. Nilikuomba neno moja, ukaniletea chumvi, vumbi na vitunguu.

Nilimwendea mama mkwe mwenyewe, tukiwa tunachambua dengu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilipoolewa tulikuwa watu kumi na saba nyumba moja. Niliajasti."

"Na Baba je, yeye aliajasti nini?"

"Baba? Baba alikuwa mwenye nyumba."

Hakusema kwa ubaya. Alinishangaa tu, kama vile nimeuliza jua linaajasti nini. Jioni Shantaveera akaja jikoni kunywa maji, akasimama karibu na mlango.

"Mdogo wangu akimaliza masomo tutapata chumba chetu, Leela."

"Uinjinia ni miaka minne."

"Basi minne. Ajasti."

Nikafungua kamusi yangu ya chuo, ile ambayo baba yetu alinijalidia kabla hajafa. Neno lenyewe, adjust, limepewa mifano: mtu anaajasti saa, anaajasti kioo, anaajasti mkanda. Kila mara kuna mtu na kuna kitu, na kinachosogezwa ni kitu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo wanapokiri kwamba hata mtu anaweza kusogezwa. Sisi tumeyaruka yote ya juu tukashika hilo la chini. Na jambo jingine, Kaka: sijawahi kumsikia mtu akilisema neno hili kwa kujiagiza mwenyewe. Anaagizwa mwingine, na mara nyingi ni aliye karibu na jiko.

Vitunguu havikai chumbani mpaka Juni. Vitaota. Nijibu.

Leela


Hubballi, 12 Aprili 1989

Leela,

Mwaka wetu mpya mwema. Siku ya sikukuu Mama na mimi tulikula mwarobaini kama desturi. Sukari guru ya kuusindikizia ilikuwa imekwisha. Joto limeanza mapema. Mama anasema uandike mara nyingi.

Vitunguu vimeuzwa, ni kweli. Lakini watu wa mtaa huu unawajua. Binti akirudi kwao na sanduku, hawaulizi kapata kazi gani, wanauliza kafukuzwa kwa kosa gani. Nyumba yetu haiwezi kubeba maneno mawili kwa mwaka mmoja. Vumilia hapo ulipo, na mimi navumilia hapa nilipo.

Virupaksha


Bengaluru, 2 Mei 1989

Kaka Viru,

Nakuamkia, na Mama pia. Kwetu wote wazima.

Maneno mawili, unasema. La kwanza ni lipi?

Nimezipanga barua zako zote kitandani, yaani kwenye mkeka. Zamani wifi alikuwa hawezi kukuacha ufunge barua kabla hajajaza pembe zote: bangili, bei ya sari, Leela umenenepa au bado. Tangu sikukuu ya taa pembe ni nyeupe. Sikukuu hii mmekula mwarobaini wewe na Mama. Na lile somo lako la kiazi! Tangu lini unajua chumvi inatolewaje kwenye mchuzi? Wewe uliyekuwa ukiuliza maji ya kunywa yako wapi, na mtungi uko mbele yako? Mtu hajui hilo mpaka awe ameunguza na kuharibu vyungu kadhaa.

Nikamwandikia Nagaratna kwao Gadag, nyuma ya stesheni, kwa baba yake mfumaji. Kajibu upesi kukuzidi. Anasema aliomba jambo dogo, komeo kwenye mlango wa chumba chenu, maana Mama alikuwa akiingia wakati wowote kuchukua unga, sufuria, chochote. Mama akasema katika nyumba hii milango haifungwi. Wewe ukamwambia aajasti. Akakuuliza mpaka lini, ukamjibu wewe si mtabiri. Akapanda treni, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa zamu.

Sikucheki, Kaka. Nakuhurumia, na nimekasirika pia, yote mawili kwa pamoja. Miezi yote hii umenifundisha neno ambalo nyumbani kwako limeshindwa kazi.

Juni inakuja. Ama niandikie njoo, ama niandikie hapana. Usiniandikie habari za maji.

Leela


Hubballi, 24 Mei 1989

Leela,

Barua yako imefika. Kuhusu Nagaratna sina la kuongeza. Usiende popote kabla sijaja tukazungumza na wakwe zako kiutu uzima. Nitakuja Bengaluru katikati ya Juni, zamu zangu zikiajasti.

Virupaksha


Gadag, 9 Juni 1989

Kaka Viru,

Nakuamkia kutoka mahali ambapo ukiwa kazini unapita mara kwa mara, na sasa najua kwa nini hukutaka nifike. Maji yana chumvi kama ulivyosema. Tumeyazoea.

Katikati ya Juni ingekuwa baada ya tarehe mosi, Kaka. Sidhani hukuliona hilo. Basi nilimwambia mama mkwe wakati wa kifungua kinywa. Akaniuliza, "Na mchana tutakula nini?" Nikamwambia mchana nimeshaupika, upo jikoni, kuanzia jioni shemeji mdogo aache kuchora madaraja kidogo, amenye vitunguu. Sikupandisha sauti. Shantaveera alinibebea sanduku mpaka stesheni, kisha dirishani akaniuliza kama anaweza kunitembelea. Nikamwambia njoo. Ni neno rahisi sana, Kaka, nililisema mara moja tu.

Ndani ya treni mzee mmoja akaniambia, "Binti, ajasti kidogo," nikasogea, tukala karanga zake. Kule ndani ya treni neno hilo silichukii. Kila mtu anajua atashuka wapi.

Naishi kwa kina wifi. Baba yake alisema anayekuja na kamusi na mchele wake hana haja ya kuulizwa maswali. Nagaratna na mimi tunalala chumba kimoja, na kina komeo. Jina lako analitaja akiwa amesahau kwamba hataki kulitaja.

Wasichana wangu ni wengi, na wana aibu. Siku ya tatu niliandika ubaoni neno lako, nikawaambia kila mmoja atunge sentensi. Nilidhani watakuja na saa na vioo. Waliandika: Mama yangu anaajasti. Dada yangu ameolewa na sasa anaajasti. Shangazi hakuajasti, akarudishwa. Mimi nitaajasti. Daftari baada ya daftari, Kaka. Kisarufi hakuna aliyekosea, ikabidi niwape wote alama kamili, na nikajisikia vibaya kuliko siku niliyohamia jikoni.

Nikawaambia wajaribu tena, safari hii waweke kitu baada ya neno. Mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Chochote unachotaka kisogee."

Alisimama akifikiri mpaka kengele ikalia. Nimempa mpaka Jumatatu.

Leela


Hubballi, 25 Juni 1989

Mdogo wangu Leela,

Mama anakusalimu, na safari hii ameniambia nikuandikie kwa mkono wangu kwamba amefurahi. Alilisema akiwa amenipa mgongo, lakini kalisema.

Shantaveera alikuja juzi. Alikaa kwenye kiti cha Baba, chai hakuigusa.

"Shemeji, mwandikie arudi. Wewe anakusikiliza."

"Tangu lini?"

"Nyumbani wameniambia nisirudi bila yeye."

"Akirudi atalala wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi?"

Akatazama dari. Mama alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Mtajie, mwanangu," akasema. "Na sisi tusikie."

Hakuweza kulitaja jiko mbele yake. Nikamwambia siandiki. Dada yangu ni mtumishi wa serikali na mimi vilevile, na sisi watumishi hatuhamishwi na mama mkwe wa mtu. Aliitikia kwa kichwa, nadhani alishusha pumzi. Nilimtafutia kiti cha dirishani kwenye treni ya kurudi. Kwa hiyo kaa na kazi yako, hakuna wa kuja kukutoa huko. Shemeji mdogo, nasikia, sasa anapika wali.

Nimemleta fundi seremala aweke komeo. Kaliweka upande wa nje. Nikamuuliza nani kamwambia amfungie mtu ndani, akaniambia, "Bwana mkubwa, ajasti tu." Nilikaribia kumpiga. Amelihamisha, sasa mlango una matundu ya misumari pande zote mbili, na Mama anabisha hodi kwa nguvu mpaka majirani wanaitikia.

Mimi si mtu wa kusema mambo haya, lakini nyumba hii bila Nagaratna siiwezi. Nimemkumbuka sana. Mwambie. Jumapili nina zamu ya treni ya asubuhi inayopita Gadag. Haisimami sana. Nitakuwa mlangoni mwa behewa la mbele. Aje nimwone tu, habari ya kurudi sitaitaja.

Kaka yako,
Viru


Gadag, 3 Julai 1989

Kaka Viru,

Nakuamkia. Mimi mzima, wazee wa hapa wazima, na wewe tulikuona mzima.

Tulifika jukwaani kabla ya treni. Nagaratna alivaa sari ya kijani na kutia maua kichwani, akaniambia maua ni kwa ajili ya joto. Ulikuwa mlangoni mwa behewa la mbele kama ulivyoahidi, umetupa mgongo, unapakia familia nzima na godoro lao. Tulikusikia vizuri. "Mama, ajasti kidogo. Babu, ajasti kidogo. Kijana, paja hilo." Nilikuita. Nikakuita tena, na filimbi ikapigwa. Godoro likaingia, ukawapongeza, ukafunga mlango, mkaondoka.

Nagaratna alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema twende tukanunue bilingani.

Ameniagiza nikuandikie hivi. Jumapili ijayo haji stesheni. Nyumba unaijua. Kama unataka kumwona, omba siku ya mapumziko, ukate tiketi kama watu wengine, na treni ikisimama, ushuke.

Leela